Sakafu ya Pimamaji

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa mgongo ameniambia nianze kuandika. Kila siku niandike ganzi imeanza saa ngapi, imefika wapi, na nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia mimi ni fundi magari, si karani. Akanijibu bila kuinua macho: "Basi andika kama fundi."

Haya. Mguu wa kushoto, ganzi kutoka nyonga hadi kidole gumba, tangu saa nne asubuhi. Nilikuwa chini ya gari. Nitakuwa wapi kwingine? Miaka thelathini na moja nimelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, giaboksi ya mtu ikining'inia juu ya pua yangu.

Neno lake la mwisho ndilo lililoniharibia siku. Mfupa umeubana mshipa, na nikiendelea kulala sakafuni na kujinyonganyonga, mguu huu siku moja utalala usiamke. Nifanye kazi nimesimama, au niiache.

Mama Watoto aliniuliza daktari kasemaje. Nikamwambia kasema ninywe maji mengi.

Jumatano, 5 Machi

Amejua. Amekuta karatasi ya daktari mfukoni mwa ovaroli alipokuwa akifua. Hakupandisha sauti. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, akaendelea kusuuza. Baadaye mezani akaniambia ninunue ile mashine ya kuinua magari. Nikamjibu kwamba gereji yangu iko nyuma ya nyumba, inaingia gari moja na nusu, si kiwanda. Akasema, "Basi kajifunze kutengeneza saa. Ile ni kazi ya kukaa."

Ganzi hadi goti.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kuangalia lifti. Nilidhani ni kama kununua jeki: unaonyesha kidole, wanapakia, unaondoka. Kumbe kuna za nguzo nne, za nguzo mbili, za mkasi, na kila moja ina visirani vyake.

Anayezifunga ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kalamu imechomekwa kwenye nywele, futi kiunoni. Sikumkubali. Nilimuuliza fundi mwenyewe yuko wapi, akasema, "Unaongea naye, mzee." Akaniketisha, akaanza maswali. Gereji ina urefu gani, dari iko juu kiasi gani, nafanya kazi gani zaidi. Nikamwambia giaboksi na klachi.

"Basi ya mkasi itakuzibia katikati, hapo hapo unapotaka kuingiza mikono," akasema. "Ya nguzo nne inasimama yenyewe, haina shida na sakafu, lakini itakumezea gereji nzima. Ya nguzo mbili ndiyo yako. Ila ile, mzee, haisimami yenyewe. Inashikiliwa na sakafu. Bolti zikikosa zege la kushika, nguzo zinalala na gari linakuja nazo. Sakafu yako ina unene gani?"

"Inchi sita."

"Nani kasema?"

Nikamwambia kaka yangu ndiye aliyeimwaga. Akasema atakuja kutoboa tundu dogo la kujaribu, inchi nne zikipatikana tutakuwa salama. Nikaaga nikaondoka zangu. Mtu hajui hata jina la ukoo wetu anataka kutoboa sakafu ya kaka yangu.

Jumapili, 9 Machi

Niandike jambo hili vizuri ili daktari naye, kama anasoma, aelewe. Kaka yangu mkubwa ni mwashi. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake, wanamwita Pimamaji, kama kile kifaa cha kupimia usawa. Kuta alizojenga ukiweka gololi juu yake haiendi popote. Kwetu, tangu baba afariki, kuna sheria moja isiyoandikwa: kaka akishapima, hapimi mtu mwingine nyuma yake. Si kwa ubishi, ni heshima. Fundi mmoja aliwahi kuweka futi kwenye mlango alioufunga kaka, na kaka akafungasha vifaa vyake taratibu, akaondoka, asirudi kwenye nyumba ile hata walipomwita kwa harusi.

Sasa mikono yake inatetemeka, ameacha kazi miaka tisa. Gereji hii ni katika kazi zake za mwisho mwisho. Alinijengea kama ndugu. Niiruhusu drili ipite pale, kesho nimwangalie usoni vipi?

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimepima dari. Inatosha, lifti fupi itaingia.

Alhamisi, 13 Machi

Haitoshi. Nimepima hadi kwenye bati, nimeisahau boriti. Mama Watoto alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. "Na lile gogo linalopita katikati je? Au gari litaliruka?" Nimelazimika kubadilisha, nichukue ile ambayo nyaya zake zinapita chini sakafuni na juu haina kitu. Bado itabaki nafasi ya kiganja tu kati ya paa la gari na boriti. Yeye ameondoka akicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi wa lifti amekuja na drili. Nikamzuia mlangoni. Nikamwambia sakafu ya kaka yangu haitobolewi kwa majaribio, itatobolewa siku ya kufunga bolti, basi.

"Mzee, mimi simtukani kaka yako. Nauliza zege."

"Zege limeshajibu. Inchi sita."

Akanipa karatasi niandike kwa mkono wangu kwamba nimekataa jaribio. Nikaandika, nikatia sahihi kwa mbwembwe. Mwandiko wangu haujawahi kuwa mzuri vile.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Ganzi hadi kifundo. Mwalimu wa hesabu ameleta pikapu yake, klachi imekwisha. Nimemwambia asubiri lifti. Amesema atasubiri, lakini uso wake umesema vingine.

Jumamosi, 22 Machi

Lifti imefika vipande vipande. Nguzo mbili, mikono minne, mota, pampu. Watu sita wameibeba kupitia uchochoro kwa sababu lori halikupita, na wa mwisho ameniangushia kitasa cha geti. Kaka alikuja kuangalia. Alizunguka nguzo zile zilizolala, akazigonga kwa kifundo cha kidole. Akauliza zitasimamaje. Nikamwambia zitafungwa kwa bolti kwenye sakafu yako.

Akasema ana miadi, akaondoka hata chai hajanywa. Nikajisemea labda amezidiwa na furaha.

Jumamosi, 29 Machi

Sijui nianzie wapi. Mkono wenyewe unaniuma kwa hasira.

Fundi wa lifti amekuja asubuhi. Amechora alama kwa chaki, amepima kona kwa kona mara tatu, kila kitu kimekaa sawa, mpaka nikaanza kumpenda. Akaweka drili kwenye alama ya kwanza. Ilinguruma kidogo, vumbi jeupe likatoka, halafu ghafla ikazama mpaka kwenye mpini, kama kisu kwenye sabuni. Vumbi likageuka jekundu.

Udongo.

Akazima. Akatumbukiza msumari, akauchomoa, akaweka futi. Inchi mbili. Akatoboa alama ya upande wa pili: inchi mbili, na hapo alikuwa anaihurumia. Hakusema "nilikwambia." Ningependa angesema, ningepata mtu wa kumfokea. Alisema tu, "Mzee, hapa hata baiskeli siwezi kukufungia," akaanza kukusanya vifaa.

Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja naikanyaga sakafu hii, naisifu kwa kila mteja, "hii ni inchi sita, kaka yangu huyo," na kumbe nilikuwa natembea juu ya biskuti. Nani amefanya hivi? Si fundi wa mtaani aliyetoroka na kokoto zangu. Ni mtu niliyelala naye kitanda kimoja utotoni.

Mama Watoto amesema nisiende kwake leo. Ameshika funguo za geti. "Ulimi hauna mfupa," amesema. "Ukiropoka leo, kesho hutayaokota."

Ganzi sijaipima. Mwili wote umekufa ganzi.

Jumapili, 30 Machi

Sikwenda.

Jumanne, 1 Aprili

Nimempigia kaka. Sikuropoka. Nilisema tu, "Kaka, sakafu imetobolewa, ina inchi mbili tu." Upande wa pili nikasikia pumzi, kisha akasema, "Nimesikia." Akakata. Hakuuliza swali, hakujitetea wala kuomba radhi. Mtu asiye na hatia angeuliza.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mwalimu wa hesabu amepita kuangalia pikapu yake. Amenikuta nimekaa juu ya nguzo ya lifti kama kuku anayeatamia.

Jumamosi, 5 Aprili

Kaka amekuja bila taarifa, na vijana wawili wenye nyundo, na fimbo ya chuma aliyoikata alama kwa msumeno kila inchi. Ameshasema na fundi wa lifti, sijui namba yake kaitoa wapi. Nadhani kwa Mama Watoto. Watakata mkanda kutoka ukuta hadi ukuta, mahali nguzo zitakaposimama, wachimbe futi moja, waweke nondo, wamwage upya.

Akanipita mlangoni. "Mdogo wangu," akasema, na mimi nikasema "Kaka," basi. Siku nzima hayo ndiyo maneno tuliyobadilishana. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea, nao mshindo wenyewe leo ulikuwa wa nyundo.

Nimewaangalia wakiivunja sakafu yangu. Ilivunjika kirahisi mno, kama sahani.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imejaza shimo. Tumechota maji kwa ndoo. Mimi sikuruhusiwa kuinama, nimeshika mwavuli juu ya watu waliokwisha lowa.

Jumamosi, 12 Aprili

Zege limemwagwa. Kaka alikaa kwenye kiti katikati ya mlango, na kila toroli moja likimwagwa anaichomeka fimbo yake, anaitazama alama, anaipangusa. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu. Alimpa fundi wa lifti ile fimbo. "Pima na wewe, binti yangu," akasema. Naye akapima, akasema inchi kumi na mbili na zaidi, na kaka akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Mimi nilikuwa bado nimekasirika. Nilijiambia: angempa mtu fimbo miaka kumi na moja iliyopita.

Fundi ameagiza siku ishirini na nane. Zege limwagiliwe kila siku, lifunikwe magunia, wala mtu asimbembeleze apunguze siku. Nikamuuliza kama kumi na nne hazitoshi. Akachomoa kalamu kwenye nywele, akaandika ukutani kwa herufi kubwa: 10 MEI.

Jumatano, 16 Aprili

Kaka anakuja kila asubuhi kumwagilia. Hagongi. Nasikia mpira wa maji, nasikia geti, ameondoka.

Jumamosi, 19 Aprili

Vile vile.

Jumanne, 22 Aprili

Mwalimu amekuja. Amesema anaenda kazini kwa miguu mwezi wa pili huu, na wanafunzi wameanza kumtungia nyimbo. Nimekaa nikiitazama pikapu yake, nayo ikinitazama.

Ijumaa, 25 Aprili

Naandika nikiwa kitandani, mto chini ya magoti. Ni amri.

Asubuhi Mama Watoto alikwenda sokoni. Nikajiambia klachi moja tu, saa tatu tu, nitakuwa nimemaliza kabla hajarudi na vitunguu. Pikapu iko uani, nyuma ya gereji. Nikaiinua kwa jeki, nikaweka stendi, nikatandika boksi, nikaingia. Miaka thelathini na moja mwili unaijua njia.

Niliilegeza bolti ya nne nikasikia kitu kama waya wa moto kutoka kiunoni hadi kisigino, halafu sikusikia kitu chochote. Mguu haukuwepo. Niliuambia usogee, haukusogea. Nikajaribu kujivuta kwa viwiko, mgongo ukanikatalia. Nikawa nimelala pale, giaboksi juu ya uso, mvua imeanza kunyesha miguuni mwangu, na mguu mmoja hata hauijui mvua. Niliogopa. Naandika wazi, niliogopa mpaka nikaita mama yangu, naye hayuko duniani miaka ishirini.

Aliyesikia ni kaka, alikuwa anamwagilia zege. Nikaona kandambili zake. Akainama, tukaangaliana chini ya gari. Alishika ncha ya boksi kwa mikono ile inayotetemeka, akavuta, akapumzika, akavuta tena. Nilitoka kidogo kidogo kama mkate unaotolewa kwenye tanuri. Kuninyanyua hakuweza, kwa hiyo akakaa chini kando yangu, mvuani, tukisubiri mguu uamke.

Na mimi pale pale, nimelala kama gunia, nikamuuliza. Nikasema, "Kaka, kwa nini uliniambia inchi sita?"

Akasema, "Sikukwambia. Wewe ndiye uliyesema."

"Mimi?"

"Ulileta mifuko minane ya saruji. Gereji kama ile inataka ishirini na kitu. Nilikuja asubuhi nikakuta umeipanga vizuri, umevaa shati jipya, unawaambia vijana wangu: leo tunamwaga inchi sita, saruji iko ya kumwaga na kusaza. Ulikuwa umetoka tu kufukuzwa kule karakana ulikokuwa umeajiriwa. Ilikuwa gereji yako ya kwanza." Akapangusa mvua usoni. "Ningekwambia mbele yao kwamba saruji yako haifiki hata inchi tatu? Nikaitandaza ilivyotosha. Nilijua utaegesha magari tu na kulala chini yake, itavumilia. Halafu ukaanza kuwaambia watu kaka kasema inchi sita. Nikawa nayasikia mwaka hadi mwaka. Mara ya kwanza niliona haya. Baadaye, mdogo wangu, nikaanza kuamini kwamba kweli nilisema."

"Na siku lifti ilipokuja?"

"Siku ile nilikwenda nyumbani nikatapika."

Nilikumbuka shati lile. Lilikuwa la buluu. Na mifuko niliihesabu mwenyewe, kwa kichwa, bila kumuuliza mtu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuulizwa kila kitu na mabosi wa karakana. Mwezi mzima nimemkasirikia mtu kwa uongo niliousema mimi, na yeye akaubeba miaka kumi na moja bila kuniwekea hata chembe yake mabegani.

Nilimwomba radhi. Akasema niache maneno, nijaribu kidole gumba. Nikajaribu. Kilisogea.

Mama Watoto alipofika akatukuta wote wawili tumelowa, tumekaa kwenye matope. Aliweka kikapu chini, akasema, "Mmoja hana mgongo, mwingine hana mikono. Nimeolewa na ukoo wa vipuri." Kisha akalia, kidogo tu, na sisi tukamwacha alie.

Jumamosi, 26 Aprili

Kitandani. Ganzi hadi goti.

Jumapili, 27 Aprili

Kitandani. Nimesoma gazeti lote, hata matangazo ya viwanja.

Alhamisi, 1 Mei

Nimetembea hadi getini na kurudi. Kaka amekuja kumwagilia. Leo amegonga mlango, amekunywa chai.

Jumapili, 4 Mei

Jua. Magunia yanakauka kabla ya saa nne, tunamwagilia mara mbili. Siku sita zimebaki na kila moja ina urefu wa wiki. Nimempigia fundi wa lifti kumuuliza kama tisa Mei na kumi Mei zina tofauti gani hasa kwa zege. Amekata simu.

Jumamosi, 10 Mei

Amekuja saa mbili kamili. Drili imenguruma, na kunguruma, na kunguruma. Ilipofika inchi tano akaichomoa, ncha yake inafuka moshi. Vumbi jeupe tupu. Nguzo zikasimama, bolti zikakazwa kwa spana ndefu ile inayolia ukifika kipimo. Ililia mara kumi na mbili. Akaipandisha tupu, akaishusha, akaipandisha. Loki zikawa zinashika kwa mlio mmoja mmoja. Kisha tukaisukuma pikapu ya mwalimu ndani, mikono minne ikaingia chini ya fremu, mota ikavuma, na magurudumu yakaachana na ardhi. Ikapanda mpaka paa lake likabaki kiganja kimoja na boriti, ikakaa kwenye loki. Fundi wa lifti akaitikisa kwa nguvu zake zote. Haikutikisika. Akanipa karatasi nyingine nisaini, hii nimesaini bila mbwembwe, akaenda zake.

Nikabaki nimesimama nje ya ule mstari ambapo sakafu ya zamani inakutana na mpya.

Sikuweza kuingia. Niliijua ile sakafu: nimeona nondo zikifungwa, nimeona fimbo ikipima. Kichwa kilikuwa kinasema ingia, na miguu yote miwili, hata ule mzima, ikakataa. Nilijifanya natafuta spana namba kumi na saba. Ilikuwa mkononi. Mama Watoto alitoka jikoni, akaniona, akarudi ndani bila neno, na kwa mwanamke yule hilo si jambo dogo. Nusu saa imepita hivyo. Nilifikiria kumwambia mwalimu aje achukue gari lake. Nilifikiria kweli kutengeneza saa.

Kaka alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Akainuka, akavua kandambili, akaziweka kando kama mtu anayeingia kwenye chumba cha mtu. Akatembea peku juu ya zege lake mpaka katikati kabisa, chini ya tani moja na nusu ya pikapu, akainua uso. Alikaa akitazama juu muda mrefu, mdomo wazi kidogo. Miaka sabini na moja, hajawahi kuliona gari kwa chini.

"Huu mrija mrefu ni wa nini?" akauliza.

"Ni shafti, kaka. Si mrija."

"Na hili dude kama sufuria?"

"Lipi?"

"Hili. Njoo unionyeshe, mimi sioni vizuri."

Nikaenda kumwonyesha.